Kuwasha Gari la Zamani Asubuhi ya Baridi Arusha: Petroli, Hewa na Kabureta

Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu na manyunyu vinapoteremka kutoka Mlima Meru, wenye magari ya zamani hapa Arusha hupata taabu ileile kila mwaka. Gari lililokuwa likiwaka kwa mzungusho mmoja mwezi Februari sasa hukohoa, hutema moto kupitia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kisha hunyamaza. Wengi hukimbilia choki, na choki ikishindwa huongeza petroli, na petroli ikishindwa huita vijana wasukume. Mwongozo huu unahusu magari yaliyoundwa tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi miaka ya 1930, yaani yale yanayowashwa kwa hendeli au kwa stata dhaifu ya volti 6, yenye kabureta moja ya kawaida. Nitaitaja mara nyingi Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, kwa kuwa mpangilio wake ni rahisi kuufuata, lakini maelezo mengi yanafaa pia kwa Austin Seven, Chevrolet za silinda nne na magari mengine ya rika hilo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Baridi ya Arusha, ambayo alfajiri ya Julai hushuka hadi karibu nyuzi 10, haitoshi peke yake kuizuia injini nzima kuwaka. Magari haya yaliwashwa katika theluji ya Michigan na Uingereza. Kwa hiyo gari likigoma hapa, mara nyingi baridi imefichua tu kasoro iliyokuwapo tangu kiangazi, na kabla ya kuongeza petroli ni lazima kwanza kutafuta hewa inaingilia wapi, cheche ina nguvu kiasi gani, na ni petroli ya namna gani iliyomo tangini.

Kinachotokea ndani ya injini ya baridi

Petroli ikiwa bado kimiminika haiwaki ndani ya silinda. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, kwa kiasi cha takriban gramu 15 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Ukipima kwa ujazo, lita moja ya petroli huhitaji zaidi ya lita 9,000 za hewa ya usawa wa bahari ili iungue yote. Injini ikiwa ya baridi, ni sehemu ndogo tu ya petroli, ile iliyo nyepesi, inayogeuka mvuke kwa wakati, na sehemu nyingine hutiririka kama matone kwenye kuta za manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda, bila kufika kunakotakiwa. Choki hufanya jambo moja tu: huziba njia ya hewa ili injini ivute petroli nyingi kupita kiasi, na katika wingi huo ile sehemu nyepesi itoshe kuanzisha moto. Ni dawa ya dakika chache, na ikizidishwa hugeuka sumu, kwa sababu petroli isiyovukizwa huosha oili kwenye kuta za silinda, hulowesha plagi na kuteremka hadi kwenye sampu, chombo cha oili kilicho chini ya injini.

Waundaji wa kwanza walilijua tatizo hili vizuri. Gari la Karl Benz la 1886 lilikuwa na kabureta ya kuvukiza, ambamo hewa ilipita juu ya petroli iliyotuama na kuondoka na mvuke wake. Ubaya wake ni kwamba sehemu nyepesi zilitangulia kuondoka, na kilichobaki chomboni kikawa kizito kadiri safari ilivyoendelea. Kampuni ya Lanchester ya Uingereza ilitumia tambi zilizonyonya petroli na kuipa hewa eneo kubwa la kuivukiza. Wilhelm Maybach ndiye aliyeleta, mwaka 1893, kabureta ya kunyunyiza petroli kupitia tundu dogo, yaani jeti, na huo ndio mtindo wa kabureta karibu zote utakazozikuta mjini. Petroli ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa nyepesi na ikivukizwa kwa urahisi. Magari yalipoongezeka, viwanda vilianza kuchanganya humo sehemu nzito zaidi, na katika miaka ya 1920 waundaji wakalazimika kupeleka joto la ekzosi kwenye manifoldi ya kuvuta ili mchanganyiko usigeuke matone njiani. Joto hilo nitalirudia, kwa maana magari mengi ya hapa yamenyang'anywa.

Jambo la pili ni mwinuko. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyembamba kwa takriban asilimia 13. Kabureta ya zamani haina namna ya kulijua hilo. Hewa inapopungua uzito, petroli inayovutwa kupitia jeti haipungui kwa kiasi kilekile, na matokeo yake mchanganyiko unakuwa mzito, yaani wenye petroli nyingi kwa hewa kidogo, kwa kama asilimia 7 kuliko uliokusudiwa na muundaji. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, penye mita 2,300 hivi, uzito huo unafikia asilimia 12. Kwa maneno mengine, gari lenye jeti za kiwandani tayari limevuta choki kidogo likiwa limesimama uani kwako Njiro. Ndiyo maana mwongozo uliochapishwa Ulaya, unaokuambia uzungushe injini mara tano au sita choki ikiwa imefungwa kabisa, hapa unaishia kulowesha plagi.

Kabla ya kushika hendeli

Fungua koki ya petroli na usubiri dakika nzima. Katika gari ambalo petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe kutoka tangini, kikombe cha kabureta hujaa polepole, hasa tangi likiwa na petroli kidogo. Kama kabureta ina kitufe cha kubonyeza boya, kibonyeze hadi uone unyevu tu, si hadi petroli idondoke chini. Kama haina, fungua kidogo nati ya kutolea maji chini ya kikombe na utege kikopo safi cha kioo. Unatafuta mambo mawili: kwamba petroli inatoka mfululizo bila kukatika, na kwamba hakuna tone la maji lililotuama chini yake. Tangi lililobaki nusu tupu wakati wa masika hukusanya maji kutokana na unyevu wa hewa, na tone moja linatosha kuziba jeti. Ukikuta uchafu, ondoa jeti na uipulizie upepo. Usiingize waya hata kidogo, kwa sababu shaba ni laini na tundu likipanuka hutaona kwa macho lakini injini itaona. Nimekutana na kabureta nyingi ambazo ugonjwa wake pekee ulikuwa fundi mwenye waya.

Boya la shaba nalo lichunguzwe. Litikise karibu na sikio. Likilia kwa ndani, limetoboka na limekunywa petroli, na kikombe hakitaacha kufurika. Litumbukize kwenye maji ya moto uone mapovu yanatokea wapi, litoboe kidogo upande wa pili ili petroli itoke yote, liache likauke kabisa, ndipo lipigwe lehemu. Mvuke uliobaki ndani ya boya unaweza kulipuka usoni mwa anayepiga lehemu, kwa hiyo kazi hii haitaki haraka. Lehemu iwe nyembamba, maana boya zito huelea chini na kuruhusu petroli ipande juu kuliko kipimo.

Kisha cheche. Vua plagi moja, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na petroli, na mwenzako azungushe. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Cheche nyembamba ya manjano itashindwa asubuhi hata kama mchana inatosha. Katika Model T, sikiliza koili zote nne zikivuma kila moja kwa zamu yake, na kama gari lako lina betri, washia kwenye betri na uhamie kwenye magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche injini inapozunguka, baada ya injini kushika, kwa sababu magneto ya zamani hutoa umeme kidogo sana injini inapozungushwa taratibu kwa mkono. Waya za plagi zilizofunikwa kwa uzi wa pamba hunyonya ukungu na kuvujisha umeme. Zifute kwa kitambaa kikavu kila asubuhi ya manyunyu, au uziondoe moja kwa moja na kuweka mpya zenye mpira kwa ndani na uzi wa pamba kwa nje kwa ajili ya sura.

La mwisho ni oili. Oili namba 40, ambayo maduka mengi hukupa bila hata kukuuliza, huwa nzito alfajiri na huigeuza kazi ya hendeli kuwa adhabu. Kwa injini hizi, zenye mbano mdogo wa karibu 4 kwa 1, oili nyepesi ya namba 30 inatosha majira ya baridi. Katika Model T faida yake ni maradufu, kwa kuwa sahani za klachi huogelea katika oili hiyohiyo. Oili nzito huzigandisha pamoja, na gari huanza kumfuata anayelizungusha. Wamarekani walikuwa wakiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki ili kuushinda mgando huo. Hapa sioni haja yake, na gari linaloweza kushuka kwenye jeki huku injini inaunguruma ni hatari kubwa kuliko faida yake. Badilisha oili tu.

Namna ya kuliwasha

Vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, kisha chelewesha moto kabisa. Katika Model T hiyo ni kusukuma juu wenzo wa kushoto ulio chini ya usukani. Ukisahau, cheche itatokea pistoni ikiwa bado inapanda, injini itarudi nyuma na hendeli itapiga mkono wako. Mifupa mingi ya mikono ilivunjika hivyo enzi hizo, na hatari hiyo ndiyo iliyowasukuma Cadillac kuweka stata ya umeme ya Charles Kettering katika magari yao ya 1912. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, hendeli ivutwe kutoka chini kwenda juu, na isisukumwe kamwe kwenda chini kwa uzito wa mwili.

Mafuta, yaani kilango cha mwendo kinachopitisha mchanganyiko kwenda kwenye injini, yafunguliwe kidogo sana, kiasi cha sailensa (mzunguko wa polepole wa injini bila kukanyaga) iliyochangamka. Hapa ndipo vijana waliozoea magari ya kisasa hukosea kwa kukanyaga mara tatu nne kabla ya kupiga stata. Kabureta nyingi za wakati ule hazina pampu ya kurusha petroli unapokanyaga. Kukanyaga hufungua tu kilango cha mwendo, mvuto juu ya jeti unapungua, na injini haipati chochote. Funga choki, swichi ikiwa imezimwa, na uzungushe injini mara mbili taratibu ili ivute. Fungua choki hadi nusu, washa swichi, kisha vuta hendeli mara moja kwa nguvu. Injini ikishika, iache ipate pumzi kidogo halafu ufungue choki hatua kwa hatua. Kwa hali ya hewa ya Arusha choki iwe imefunguliwa yote ndani ya mita mia chache za kwanza, na anayesafiri na choki nusu kutoka Sakina hadi Tengeru anaosha silinda zake kwa petroli.

Kama gari lako lina vikombe vya kuwashia juu ya silinda, mimina petroli isiyozidi kifuniko cha chupa katika kila kimoja, funga, zungusha. Kama injini imelowa na harufu ya petroli imejaa, funga koki, fungua choki yote, fungua mafuta yote, zima swichi na uzungushe hadi unyevu utoke, au vua plagi uzikaushe. Injini iliyolowa mno hupoteza mbano kwa kuwa oili imeoshwa. Tone dogo la oili katika kila silinda kupitia tundu la plagi huirudishia.

Joto la nje lina nafasi yake. Kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya moto, kikakamuliwa na kufungwa kwenye manifoldi ya kuvuta kwa dakika mbili, husaidia kuliko choki yoyote, mradi kisiguse magneto wala kabureta isiingie maji. Maji ya moto kwenye rejeta nayo yanafaa, lakini yasiwe yanayochemka, kwa sababu chuma cha kusubu kinaweza kupasuka kikipata joto la ghafla. Jiko la mkaa chini ya sampu, ambalo nimeliona likitumiwa kwenye malori upande wa Monduli, ni jambo ambalo halifai kabisa kwa gari la petroli. Kabureta hizi hudondosha petroli hata zikiwa nzima.

Hewa ya wizi

Ukifuata utaratibu huo na bado injini inatema moto kupitia kabureta, inawaka tu choki ikiwa imefungwa na kuzima mara tu ukiifungua, au sailensa yake inapanda na kushuka bila kutulia, basi kuna hewa inayoingia bila kupita kwenye kabureta. Mafundi wengi wakiona dalili hizo hupanua jeti. Injini itawaka, ndiyo, lakini ikipata moto itatoa moshi mweusi na kunywa petroli ya safari mbili kwa moja, kwa kuwa tundu la wizi huleta madhara makubwa zaidi injini inapozunguka polepole na kidogo sana inapokwenda kasi. Jeti haiwezi kulirekebisha kosa la namna hiyo.

Njia ya kuitafuta ni kuiwasha injini kwa namna yoyote, kuiacha kwenye sailensa, na kudondosha oili nzito, tone moja moja, kwenye kila kiungo: gasketi za manifoldi, mahali kabureta inapokaa, na pande mbili za kijiti kinachobeba kilango cha mwendo. Mahali palipo na tundu oili itamezwa na mlio wa injini utabadilika papo hapo. Wapo wanaotumia petroli kwa kipimo hiki kwa sababu jibu huja haraka. Ekzosi ya moto ikiwa umbali wa vidole vinne, sishauri.

Katika magari ya umri huu mwizi mkubwa ni kile kijiti cha kilango. Kwa miaka 90 au 100 kimesugua tundu lake katika shaba hadi limekuwa la yai, na ukikishika kwa vidole kinacheza. Kiraka cha muda ni pete ya feltro iliyopakwa grisi kila upande, ambayo huzuia hewa na vumbi kwa msimu mzima. Tiba halisi ni kupeleka kabureta kwa mchonga vyuma, na Unga Limited hawakosekani, apanue tundu liwe la duara tena na kuingiza bushi ya shaba, kisha achonge kijiti kipya. Mwambie mapema kwamba bushi isizibe tundu dogo la sailensa lililo ubavuni mwa kilango. Wengi hulisahau, na kabureta hurudi ikiwa imekazwa vizuri lakini haina sailensa kabisa.

Manifoldi nayo hupinda kwa joto. Iweke juu ya kioo kinene au ipime kwa rula ya chuma. Ukiona mwanga unapenya, gasketi mpya haitasaidia hadi uso usawazishwe. Gasketi za zamani nyingi zina asbestosi ndani ya shaba, kwa hiyo usizikwangue zikiwa kavu. Ziloweshe, zitoe, zifunge kwenye mfuko na usizipulizie upepo.

Barafu mahali pasipo na theluji

Kuna ugonjwa mmoja unaowachanganya hata mafundi wazoefu, na hali ya hewa ya Arusha inaulea kuliko mahali pengi. Gari linawaka vizuri, linatoka mjini kuelekea Ngaramtoni katika manyunyu ya asubuhi, na baada ya kilomita chache linaanza kupoteza nguvu, sailensa inakufa, kisha linazima. Unafungua boneti, unachunguza plagi, petroli ipo, cheche ipo. Unasimama dakika kumi ukijadiliana na wapita njia, unalizungusha tena, na linawaka kama halikuwa na tatizo lolote. Fundi atakuambia ni koili au ni uchafu tangini. Mara nyingi ni barafu.

Petroli inapogeuka mvuke hunyang'anya joto kutoka kwenye hewa inayoibeba, na kama ingevukizwa yote, hewa hiyo ingeshuka kwa zaidi ya nyuzi 20. Hewa ya nyuzi 12 iliyojaa ukungu ikishuka kiasi hicho huwa chini ya kiwango cha maji kuganda, na unyevu wake huganda kwenye kingo za kilango cha mwendo na kwenye koo la kabureta. Njia inazibwa kidogo kidogo hadi injini inakosa hewa. Ukisimama, joto la injini hupanda kupitia manifoldi, barafu inayeyuka, na ushahidi wote unatoweka. Baridi kavu ya juu mlimani haina hatari hii kwa kiasi hicho, kwa kuwa hewa kavu haina unyevu wa kugandisha. Inayohitajika ni hewa ya ubaridi wa wastani iliyolowa, na hiyo ndiyo Julai yetu. Ukitaka kuthibitisha, mara gari linapozima vua haraka bomba la hewa na utazame ndani kwa tochi, au shika mwili wa kabureta kwa nje: utakuwa wa baridi kali na umetoka jasho, au una utando mweupe.

Waundaji walilijua na waliweka tiba. Model T ilitoka kiwandani na bomba dogo la bati linalochukua hewa iliyopata joto kwenye ekzosi na kuileta kwenye mdomo wa kabureta. Magari mengine yana sehemu ambapo ekzosi hugusana na manifoldi ya kuvuta, au koti la maji ya moto kuizunguka kabureta. Kwa bahati mbaya vitu hivi ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kutupwa, hasa kwa magari yaliyopitia Tanga na Dar es Salaam, ambako hewa ya moto ilionekana kuwa kero tupu. Kama gari lako halina bomba hilo, mtengeneza masufuria yeyote mzuri anaweza kulikunja kwa bati jembamba: kikombe kinachokumbatia bomba la ekzosi, kikiwa na nafasi ya kuvuta hewa, na mrija mpana wa kutosha unaofika kwenye kabureta. Mrija usiwe mwembamba kuliko mdomo wa kabureta, vinginevyo utakuwa umeweka choki ya kudumu. Uufunge kwa namna unayoweza kuufungua, maana ukiteremka nao Moshi mchana wa Februari hewa ya moto itapunguza nguvu, na petroli inaweza kuchemka kwenye bomba lake hadi mapovu yakatize mtiririko.

Petroli yenyewe

Petroli iliyokaa tangini miezi mingi hupoteza kwanza zile sehemu nyepesi zinazowasha injini ya baridi. Gari linaloendeshwa kwenye harusi na maonyesho pekee huathirika zaidi, na hapo hakuna choki itakayosaidia. Imwage na uweke mpya, au angalau weka petroli mpya kidogo kwenye kikombe cha kabureta kwa ajili ya kuwashia.

Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni mbaya zaidi. Tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 mchezo huo umepungua vituoni, lakini petroli ya kwenye madumu vijijini haina mdhamini. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na uliache kivulini: petroli safi huondoka bila kuacha alama ya maana, na yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta lisilotaka kukauka. Injini za mbano mdogo zinaweza kutembea na mchanganyiko huo zikiwa za moto, na ndiyo sababu mwenye gari hashtuki hadi asubuhi inayofuata.

Kupanda na kushuka

Magari mengi ya miaka ya 1920 yenye tangi nyuma huinua petroli kwa mvuto wa injini, kupitia kitangi cha shaba au chuma kilichofungwa mbele ya dereva, aina ya Autovac au Stewart-Warner. Kitangi hujazwa na mvuto wa manifoldi, na mvuto huo hupotea kila unapokanyaga mafuta hadi mwisho. Kutoka Mto wa Mbu kupanda ukuta wa bonde kuelekea Karatu, dereva anayekanyaga bila kuachia hutumia akiba ya kitangi bila kukijaza, na gari huzima katikati ya kona. Shuka gia mapema na uachie mafuta kwa sekunde chache kila baada ya mwendo mfupi ili mvuto urudi. Gari likiwa limelala wiki nzima, kitangi huwa kitupu. Fungua kizibo chake cha juu na umimine kikombe cha petroli badala ya kuichosha betri. Na kama injini ya kitangi cha aina hii inatoa moshi mweusi hata baada ya kurekebisha kabureta, chunguza boya la ndani ya kitangi, maana likitoboka petroli huvutwa moja kwa moja hadi kwenye manifoldi. Model T za awali, zenye tangi chini ya kiti na zisizo na kitangi, zilipanda vilima vikali kinyumenyume petroli ilipopungua, na njia hiyo bado inafanya kazi.

Kwa marekebisho ya mwinuko, kabureta yenye sindano ya kuzungusha, kama ya Model T, irekebishwe injini ikiwa ya moto: kaza polepole hadi injini ianze kusitasita, kisha legeza kidogo hadi itulie, na utie alama ya rangi. Gari linaloishi Arusha na kwenda Karatu mara kwa mara lifungwe jeti kuu ndogo kwa kipimo kimoja, kama kabureta yake ni Zenith au Solex yenye jeti za kubadilisha. Ukiteremka Moshi, penye mita 800 na ushei, mchanganyiko utakuwa mwepesi kuliko ulivyouacha nyumbani. Legeza sindano kidogo ukifika Boma Ng'ombe, au rudisha jeti ya zamani kama unakaa huko siku kadhaa, na urudi kwenye alama yako ya rangi kabla ya kupanda tena.